Niliyoyataja Kimoyomoyo

Heri mlisikie hili kutoka kwangu. Tangu basi letu lipinduke karibu na Kiriaini, moyo wangu umekuwa ukianza kukimbia bila sababu. Nesi mmoja wa Mukurweini akanifundisha la kufanya. "Ukishikwa, taja vitu unaona, moja moja. Moyo itarudi mahali yake." Nikawa navitaja kwa sauti, jikoni na hata kwenye migomba. Mke wangu alizoea.

Wiki iliyopita niliitwa Nyeri kuhojiwa kwa nafasi ya naibu wa mwalimu mkuu. Walikuwa watatu mezani. Mwenyekiti akaniuliza ningefanya nini wanafunzi wakigoma, na moyo ukaanza. Nikaona kwanza nitaje vitu kidogo, kimoyomoyo, halafu nijibu.

Naona kalenda ya mwaka jana. Naona thamosi ya chai. Naona mama amevua kiatu chini ya meza.

Mama yule akakivaa. Nilidhani amehisi baridi.

Naona mzee anasinzia.

Mzee akaketi wima, nami nikafurahi kwamba sasa ananitilia maanani. Moyo ulikuwa umetulia kabisa, kwa hiyo nikamalizia na mwenyekiti. Naona tai ya kijani. Naona uji kwenye tai.

Mwenyekiti akainama, akaitazama tai yake, akaikwaruza kwa ukucha.

"Hiyo si uji, Mwalimu," akasema kwa upole. "Ni mayai. Sasa tuambie mambo ya mgomo."