Titi la Paka na Goti la Mama Mkwe

Jamani, hii nikiikumbuka mpaka leo natamani nijifunike shuka gubigubi, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe. Paka wetu Chiku alitoka uvimbe kwenye titi, na enzi zile za ruksa, kila mtu anafungua biashara yake, daktari mmoja wa mifugo alikuwa kafungua kliniki yake Kipawa, basi nikamtia Chiku kwenye kikapu, nikafunika kwa kanga, nikatoka kimyakimya (Temeke yetu ile, umpeleke paka kwa daktari wakati watu wanajinywea mwarobaini? Utachekwa mpaka uhame).

Jirani yangu Mama Zuhura akanidaka mlangoni. "Kikapu hicho wapi, shoga?"

"Chakula cha mgonjwa."

"Nani tena anaumwa?"

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa kaenda Segerea kwa bintiye tangu alfajiri, nami mawazo yote yako kikapuni, nikaropoka: "Mama. Kalazwa. Ana uvimbe kwenye titi, tunahofia kansa." Chiku akalia humo ndani, nikakohoa, nikakaza mwendo.

Daktari akampapasa matiti yote, akachoma sindano kwenye uvimbe, alichokivuta akakipaka kwenye kioo, akakichungulia kwa darubini. Ni kansa, akasema, ila haionekani kusambaa, nimwache pale aukate uvimbe. Nikarudi na kikapu kitupu, nalia kweli, na Mama Zuhura akayaona machozi.

Loo! Jioni uani kwangu mikeka imetandikwa, machungwa, chupa za uji, wanawake wanasoma dua, na mie katikati yao nimeinamisha kichwa, nashindwa hata kuitikia amina. Ndipo mama mkwe akaingia, anachechemea na kifurushi chake.

"Nani kafa?"

Ikabidi niseme yote, mpaka darubini. Nilisema kwa sauti ndogo mno, wakanitaka nirudie: paka.

Hakuna aliyecheka, na bora wangecheka. Mama mkwe akakaa, akanyoosha mguu. "Goti langu linaniuma tangu Ramadhani, mwanangu, ukaniambia nijipake mafuta ya nazi. Paka kavimba juzi tu, ushampeleka kwenye darubini."

Chiku alipona, nami nimeapa simsingizii mtu ugonjwa tena. Kesho yake asubuhi baada ya dua ile nilimshika mkono mama mkwe twende hospitali, na Mama Zuhura alipouliza, nikajibu mtaa mzima usikie: "Nampeleka mama, goti!"

Mama Zuhura akanipita kama sipo. Alimgeukia mama mkwe, "Shikamoo mama, hebu nione," na mama wa watu, pale barabarani, akapandisha kanga akamwonyesha.