Siku Niliyokuwa Klorini Dunga

Nasema mbele yenu bila kuficha: mimi, mwalimu mzima wa kemia, niliwahi kumbwaga mama mkwe wangu juu ya omena, vile vidagaa vya ziwani, zilizoanikwa, tena watu wakiangalia. Chekeni tu, nimezoea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, redio haziishi kutaja ozoni, na kina mama wauza samaki wa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, wakaniomba niwaeleze ni kitu gani hicho kinachotoboka huko juu. Ningechora ubaoni, yakaisha. Lakini mimi (ujuaji nilizaliwa nao) nikaamua kutumia watu. Kila mmoja nikamwita oksijeni, nikawashikanisha mikono wawili wawili, nikasema jua kali la huko juu huwatenganisha wengine, na aliyebaki peke yake huwadandia wawili walioshikana, wakawa watatu: hiyo ndiyo ozoni, inatukinga na miale mibaya. Wakapiga makofi, nikavimba kichwa.

"Sasa mimi ni klorini," nikasema, "nimetoka kwenye gesi ya friji na makopo ya kupulizia." Nikawavamia watatu, nikamkamata mama mmoja mkono, nikamvuta. Mwenyekiti wao, oksijeni mpweke, alitakiwa aje aninyang'anye huyo mama ili niwe huru kuvunja wengine, maana klorini haichakai, inavunja tu na kuvunja. Mwenyekiti akasimama kashika mdomo. Mama akavuta kwake, nikavuta kwangu, ndara zake zikateleza, tukaanguka wote kwenye omena.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema polepole, "si ni wewe unataka kuoa Akinyi?"

"Ni mimi."

"Basi hiyo mkono umeshika ni ya mama yake."

Jamani, kwetu Waluo mama mkwe hashikwi hata kwa salamu, na mimi ndiyo kwanza nilitarajiwa kwao Jumamosi ile kujitambulisha. Mama alijifunika uso kwa leso akaondoka, omena zimemjaa nywele. Nilinyong'onyea, nilijua Akinyi nimemkosa.

Ijumaa Akinyi akaja, anajikaza asicheke. "Mama anasema ozoni ameelewa. Lakini klorini isikanyage boma yake bila mbuzi."

Nilipeleka mbuzi aliyenishinda unene, wakanipokea, tukaoana, tunaishi vizuri. Ozoni bado nafundisha, lakini kwa vizibo vya soda. Na hapa Kisumu simshiki mama yeyote mkono kabla sijauliza mabinti zake ni kina nani.