Mlipakodi Alipolala Chali

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu (nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu ni mbili tu, na zote zimeota shavu moja, uzee huanzia mahali), tulikuwa shambani kwa bibi, mlimani Litumbandyosi, tukikata nyasi za ngolo. Sisi wavulana tunazilaza miraba miraba, bibi anazifukia kwa jembe, katikati linabaki shimo la kushika maji ya mvua, ndiyo ngolo yenyewe.

Fyekeo langu likafunua kichuguu, na mlangoni pake watoto watatu wa bweha wanapigana. Mkubwa nikambatiza Bwana Shauri, kama yule mzungu mkuu wa bomani, wa pili Jumbe. Yule mdogo, aliyeng'atwa na wote wawili, jina lake halikunisumbua: Mlipakodi.

Bwana Shauri akamkamata Mlipakodi shingoni, akamtikisa kama kitambaa. Sikio likatoka damu. Binamu yangu Kasiani, mwepesi wa machozi, akaanza.

"Anamuua! Mtoe, tukamlee na mbuzi!"

Nikainama, mkono mbele.

"We mume wangu!" bibi akapaza sauti. "Rudisha mkono huo, bado naupenda."

"Bibi, anakufa!"

"Nyumbani ndiko atakakofia. Mbwa wa babu yako watammaliza kabla ugali haujaiva. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Jembe lile pale."

Nililima, mwanangu, shingo imegeukia nyuma. Mlipakodi akaanguka chali, tumbo juu, kimya. Kasiani akafumba macho. Nikajua nimemwacha afe kwa kumwogopa bibi.

Bwana Shauri akamnusa tumbo. Akamwachia. (Yule wa bomani simsemi, baba amenikataza.) Akamlamba lile sikio! Jua lilipopanda, wote watatu walikuwa wamelala rundo moja, Mlipakodi juu kama blanketi. Nilishusha pumzi mpaka nyasi zikainama. Kasiani akacheka na kamasi zake.

"Sasa wanajuana," bibi akasema, "nani mbele, nani nyuma. Hawataumizana tena."

Basi sikia, wewe unayekuja bwenini kwetu muhula ujao. Vyungu vikikaa pamoja havikosi kugongana. Utabwagwa mieleka, usikimbilie kwa Padri. Anguka, inuka, nenda kale nao sahani moja. Na siku utakayobwaga wewe, mwenzio akilala chali, mwachie palepale. Bweha anajua hilo, na hajasoma hata darasa la kwanza.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe meno makali, na akufundishe kuyaachia.