Sungura Hawakuhama

Agosti ile nilipokuwa darasa la tano, sungura wa bonde letu la Wamagana waliisha, na kabla ya Krismasi tukamzika mdogo wangu Githinji. Sisemi sungura wangemponya. Nasema tu kwamba tangu augue surua alikataa kila chakula ila supu yao, na supu ikakosekana.

Bonde lilinuka matope na majani yaliyolala na umande. Kila Jumamosi mimi na kaka yangu Ndirangu tulishuka na mbwa wetu, tukipiga vichaka kwa fimbo. Watu wazima waliidharau nyama ile, wakaiita ya watoto. Babu alitupa amri moja: tuanzie juu, na sungura akishaingia kwenye nyasi ndefu za mtoni, tumwache, kwa maana huko ndiko walikozalia. Tulipata mmoja, mara chache wawili, na Jumamosi iliyofuata wengine walikuwepo.

Kisha akaja Baba Mdogo, aliyefanya kazi mjini Nyeri, pamoja na rafiki zake wenye viatu vya kung'aa na mbwa wa kuazima kutoka Gatitu. Akaniuliza, "Ati hawa sungura hukimbilia wapi, mami?" Nikamwonyesha, kwa sababu alikuwa amenipa mkate. Wakatega nyavu mtoni, wakawasha moto juu ya bonde. Majike wenye maziwa, vitoto vya kujaa kiganja, wote wakanaswa au wakaungua. Mabwana wale walikula wachache kwa bia, waliobaki wakawatupa.

Jumamosi iliyofuata mbwa wetu alinusa majivu, akalala. Ndirangu alirudi mikono mitupu, siku hiyo na zote zilizofuata. Mama akichemsha mboga, Githinji aligeukia ukuta.

Kwenye mazishi Baba Mdogo, ndani ya suti, aliwaeleza wazee kwamba sungura ni mjanja, akichoka mahali huhama. Wazee wenye akili timamu, waliouona moshi kwa macho yao, wakatikisa vichwa kukubali.

Siku hizi bonde lote ni majani chai. Mwaka jana Baba Mdogo alikuja kunitembelea, sasa mzee wa mkongojo, na wajukuu wangu wakamuuliza kama kweli palikuwa na sungura.

"Walikuwa wengi. Wakahama," akasema, akielekeza mkongojo mlimani. Watoto wakageuka kutazama.

"Walihamia tumboni mwako, Baba Mdogo," nikasema. "Na mimi ndiye niliyekuonyesha njia."

Akacheka. "Wewe uko na mdomo tangu zamani." Akanyoosha kikombe, nami nikamwongezea chai.