Nilipima wifi ya wodi, nikaficha majibu, nesi akahamishiwa Dirma

Wakuu, habari za humu. Nawaandikia kutoka Mbulu, baridi kama kawaida. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, jina la nesi tu ndilo nimebadili.

Mimi ni mtu wa IT, mzaliwa wa Tanga. Ajira ya kwanza nilipangiwa hospitali moja wilaya ya Hanang.

Pale majibu ya maabara yanatumwa wodini kwa mfumo, kupitia wifi. Wodi ya watoto ikawa inalalamika majibu yanachelewa. Bosi wangu akasema manesi ni wavivu kufungua kompyuta.

Nikaamua kupima. Sio speed. Nilipima redio ya access point, kile kifaa kinachorusha wifi, iko busy kiasi gani, yaani katika kila sekunde mia, ni sekunde ngapi hewa imeshikwa.

Kwa wasiojua, access point zikiwa channel moja, yaani njia moja ya hewani, na zinasikiana, lazima zisubiriane. Moja ikituma, zingine kimya.

Siku tatu nimekaa na laptop kwenye benchi la wodi. Vifaa vilivyounganishwa ni vitatu tu, lakini redio iko busy zaidi ya asilimia tisini. Access point zote za jengo zilikuwa channel moja, nguvu (power) imewekwa ya juu kabisa, kwa hiyo zote zinasubiriana na majibu yanakwama njiani.

Aliyeziseti hivyo ni bosi mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo akaletwa mtoto kutoka Mogitu, homa kali. Maabara walimaliza mapema, ila majibu yalifika wodini baada ya saa moja na nusu. Mtoto alishapata degedege. Alipona, namshukuru Mungu, lakini baba yake alilalamika na kikao kikaitishwa.

Nesi wa zamu alikuwa Sista Paulina, mama wa makamo, mwenyeji wa Hanang.

Kabla ya kikao nikampa bosi ripoti. Akaisoma, akasema taratibu, "Huu ukurasa wa vipimo utoe. Wewe bado uko probation, hujathibitishwa kazini."

Nikautoa, wakuu.

Kikaoni Sista alisema, "Nilikuwa narefresh kila dakika. Haikuleta kitu."

Mimi nikaulizwa swali moja tu, mtandao ulikuwepo? Nikajibu, "Ulikuwepo." Na kweli ulikuwepo.

Sista akapewa onyo, kisha akahamishiwa zahanati huko Dirma. Wiki iliyofuata nikabadili channel na kushusha power, kazi ya dakika kumi. Majibu yakaanza kufika papo hapo. Bosi akapongezwa.

Miezi kadhaa baadaye nikatumwa Dirma kufunga router. Nikamkuta Sista anapima watoto uzito.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Siku zile ulikuwa wodini na laptop. Ulikuwa unapima nini?"

Nikamweleza yote, mpaka ule ukurasa. Akasikiliza huku anaandika kadi ya mtoto.

"Mume wangu anaumwa, yuko nyumbani Katesh," akasema. "Namuona Jumapili tu. Haya, router funga chumba cha dawa."

Niliporudi niliandika barua kwa uongozi wa hospitali, nikaeleza ukweli, nikasaini. Nikajibiwa suala lilishafungwa. Yeye bado yuko Dirma.

Nilichojifunza: kipimo ukishakipata, kiwasilishe siku hiyo hiyo kikiwa na jina lako. Mimi nilingoja nithibitishwe kazini, mwenzangu akaadhibiwa.

Karibuni mseme. Hata wa kunitukana, nitasoma.