Siku Nliyoulizwa Huwezi Nini

Aibu hii nnaicheka leo kwa sababu nshazeeka, lakini miaka ile ya hamsini, mimi kijana wa Kikwajuni, golikipa, tena bwana harusi wa mwezi mmoja, nlitamani ardhi ipasuke inimeze (na wala nisingepiga kelele).

Taabu yangu ilikuwa moja. Tangu fungate, kila nikimkaribia mke wangu Zuhura, kitu kinalala doro, na nikikihimiza ndiyo kwanza kinazidi kulala, basi nnageukia ukutani nnajifanya nnakoroma, na moyoni nnasema huyu akimwambia mjomba wake aliyemlea, Mzee Makame, tutafikishana kwa kadhi na mke sina tena. Na wenzangu wa timu kila jioni barazani, "Bwana harusi umekonda, punguza," nami nnacheka nao, kicheko cha uongo.

Siku moja ya mechi nikachoka na utani wao. Nikamwambia jirani, nenda uwanjani kawaambie siwezi. Neno hilo tu. Kwetu Unguja mtu akisema hawezi, maana yake anaumwa, nikajiona mjanja kweli, nikajifunika shuka.

Kumbe nimejichongea. Magharibi haijaingia, ukumbi umejaa timu nzima, jezi zinanuka jasho, wameleta na kikapu cha machungwa, na nyuma yao Mzee Makame mwenyewe, habari zimemfikia mpaka Jang'ombe. Zuhura yuko nyuma ya pazia anatia chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia huwezi."

"Naam."

"Huwezi nini?"

Hapo ndipo akili iliponiruka. Kila anayekuja kumtazama mgonjwa huuliza hivyo hivyo, na mtu mwenye akili zake hujibu homa, au tumbo, yakaisha. Lakini mimi na siri yangu nikaona basi, Zuhura keshasema, na mzee kaja na mashahidi. Nikabwata: "Mjomba, wallahi si kusudi, mwanao nampenda, lakini kinalala tangu harusini, nimekula pweza, nimelamba habasoda na asali, nimekunywa unga wa muuza dawa wa Darajani mpaka tumbo likaniendesha, hakiamki, usinichukulie mke wangu."

Nahodha wetu, Seif, akayatazama machungwa yake.

"Sisi tulidhani homa," akasema.

Mara ukumbi ukalipuka, huyu anasema tangawizi, yule anasema pweza wako hakuwa mbichi, wanabishana kama penalti imekataliwa, mpaka Seif akawanyamazisha. "Na mimi yalinipata. Hospitali wakanipima mkojo, kumbe sukari. Kesho nampeleka." Mzee Makame akanambia niutupe ule unga, akanywa chai yake, akaondoka. Usiku Zuhura akalala kanipa mgongo, nami nikajua ndiyo nshaachika.

Hospitali mkojo wangu ukaonekana safi. Daktari akaniuliza, alfajiri ukiamka, kinakuwaje? Nikamwambia kinasimama (Seif kakaa pembeni anaangalia dari). "Basi mwili wako mzima," akasema, "inayokulaza ni hofu. Ingekuwa sukari au presha tungetibu hiyo kwanza. Acha sigara, usinywe usichokijua, na usiende kitandani kama unakwenda kwenye mtihani. Na zungumza na mkeo."

Nikarudi mbio, nikamkuta Zuhura jikoni anakuna nazi, nikamweleza yote nimesimama, pumzi hata sijavuta. Akaiweka nazi chini, akaanza kulia.

"Mwezi mzima najifukiza udi," akasema, "najitazama kiooni, nasema huyu hanitaki, mimi mbaya. Kwa nini timu nzima imejua kabla yangu?"

Nikakaa chini pale pale jikoni, tukazungumza mpaka chakula kikaungua, na siku zile zilizofuata, bila kuharakishana, mambo yakakaa sawa. Nikaapa, likinipata jambo la mwili, wa kwanza kuambiwa ni Zuhura, na timu ibaki na machungwa yake.