Kifuniko Nilichokikaza Mimi

Haya, leo nisemeni mbele yangu, maana naona kila mtu ana hadithi yake na zote si za kweli: mimi ndiye niliyemwogesha mkwe wa mdogo wangu kwa pombe ya mtama, mchana kweupe, mbele ya ukoo wake mzima. Na aibu yenyewe siyo hiyo, hiyo ni nusu tu, ngojeni nifike.

Mnajua mimi ni mwalimu wa fizikia, na mnajua sisi tuliorudi kutoka Tanzania tunavyotazamwa hapa Gisenyi linapokuja suala la desturi (wanasema Kinyarwanda chetu kimepinda, na adabu zetu pia). Basi mdogo wangu Bosco alipompata mchumba, baba wa binti akatoa sharti moja: siku ya posa asiletewe kreti za dukani, aletewe pombe iliyopikwa na mwanamke wa ukoo wetu, ajue kweli tuna watu. Kwetu mwenye kuijua kazi hiyo amebaki mmoja, shangazi Veneranda, aliyeishi Kongo miaka mingi na sasa yuko Bugeshi. Akahangaika nayo siku sita. Mimi nikateuliwa msemaji wa ukoo, na dereva pia, kwa gari la kuazima.

Asubuhi shangazi akanikabidhi dumu la lita ishirini, mdomo wake ameuziba kwa majani makavu tu, kifuniko kinaning'inia kwenye kamba.

"We mwalimu, usifunge nguvu," akaniambia. "Hii kitu iko napumua bado."

"Nimeelewa, shangazi."

Nilielewa wapi! Yeye alitangulia na gari la wanawake, mimi nikafuata peke yangu, na kwenye kona ya tatu ya mteremko wa kutoka Bugeshi matone yakaanza kurukia kiti, nikawaza harufu, nikamwaza mwenye gari, nikasimama, nikang'oa majani, nikakaza kifuniko kwa mikono miwili mpaka viganja vikauma. Mimi huyu huyu, ambaye wiki ile ile nilikuwa ubaoni nikiwaambia wanafunzi kwamba gesi ukiifungia mahali pasipotanuka, kisha ukaipasha joto, chembe zake hukimbia zaidi na kugonga kuta kwa nguvu zaidi, na ukiongeza idadi ya chembe ndiyo kabisa! Sasa hesabuni wenyewe: natoka kwenye baridi ya volkano nashukia joto la ziwani, jua linapiga kioo cha nyuma, na mle ndani pombe inaendelea kuchacha, kila dakika inatoa gesi nyingine. Joto linapanda, chembe zinaongezeka, nafasi ni ile ile. Wanafunzi wangu wangejua kilichobaki kupanda ni shinikizo.

Nilipofika Mbugangari nikageuka nyuma nikaona dumu limefura, limekuwa duara kama tumbo la ng'ombe. Hata hapo ningeweza kujiokoa, nikalilegeza kidogo kidogo kando ya barabara, lakini nilikuwa na suti ya kijivu na nimechelewa, nikajiambia nitalifungua huko huko ukweni.

Huko wazee walikuwa wameshakaa chini ya turubai. Nikazungumza vizuri, jamani, Kinyarwanda kikanyooka, mpaka baba wa binti akatabasamu na kuniuliza nafanya kazi gani, nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma kwamba nafundisha fizikia (bure kabisa, nani aliniomba nipaze sauti hivyo?). Akasema kabla ya neno lingine lolote aonje kwanza pombe ya kwetu. Nikaliweka dumu mbele yake, nikainama, nikazungusha kifuniko.

Kifuniko kikanitoka mkononi kikapiga turubai. Povu likafuata, likalowesha kofia ya mzee, miwani yake, koti lake, na kitambaa cha mkewe, na karibu nusu ya pombe ikaishia chini. Bosco alikuwa ameshika kichwa.

Mzee akavua miwani, akajifuta uso polepole, akauliza kwa Kiswahili cha Goma, "Nani alifunga hii bido?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikawaza, msemaji wa ukoo akijulikana ni mjinga, posa itaenda wapi? Nikiwa bado nawaza, shangazi akasimama.

"Ni mimi, muzee. Munisamehe. Ni uzee."

Nami nikanyamaza.

Mzee akacheka, wote wakacheka, akanywa iliyobaki akaisifu, na posa ikapokelewa. Ningeweza kuishia hapo, na kwa miezi miwili kweli niliishia hapo. Kisha tukakaa kikao cha kupanga harusi, na mzee akasema kwa upole kabisa, "Bon, pombe tutanunua. Tusimusumbue mama, mukono yake imezeeka." Shangazi alikuwepo. Akatazama viatu vyake. Mwanamke aliyepika pombe tangu mimi sijazaliwa, ambaye Bugeshi nzima humwendea wakiwa na sherehe! Niliona haya mpaka masikio yakawaka, nikasimama.

"Mzee, nilifunga mimi. Alinikataza, nikafunga, halafu nikamwacha aombe msamaha kwa kosa langu."

Safari hii mzee hakucheka. "Koti ilifuliwa, ikatakata," akasema. "Lakini huyu mama, ulimuacha asimame mbele ya watu?"

Nikasema ndiyo. Akamgeukia shangazi, akamwomba apike bido tatu za harusi, na akasema mimi nisizisogelee.

Tulipotoka, shangazi akanishika mkono. "Nilijua utasema," akaniambia. "Lakini miezi mbili, mwalimu!"

Basi siku hizi nikikosea ubaoni hata tarakimu moja, nasema papo hapo kwamba ni mimi, kabla mtu mwingine hajasimama.